Ardhi ya Wote, Hazina ya Nani?

Mwezi Agosti mwaka 1992 mtu mmoja aliingia katika bustani ya Farnham Park, mkoani Surrey, kusini mwa Uingereza, akiwa na kifaa cha kutambua metali, kile ambacho mitaani kwetu huitwa ditekta. Bustani hiyo ilikuwa mali ya Halmashauri ya Waverley, na ilikuwa wazi kwa kila mwananchi. Mtu yule hakuruka ukuta wala hakuvunja kufuli. Ditekta ilipolia alichimba kiasi cha inchi 9, akatoa bruchi ya dhahabu, yaani pambo la kubania vazi, iliyotengenezwa katika zama za kati.

Hakuificha. Aliipeleka kwa wakuu ili ikaguliwe. Nchini humo kazi ya kuamua kama kitu kilichofukuliwa ni hazina ya mfalme imekabidhiwa kwa yule yule ofisa anayechunguza vifo vya mashaka, na cheo hicho kimekuwapo tangu mwaka 1194. Ofisa alichunguza, akaona kwamba bruchi ile si hazina ya mfalme, akamrudishia aliyeipata. Hapo ndipo Halmashauri iliposimama na kusema: ngoja kwanza, bustani ni yetu, na kilichomo ardhini ni chetu pia. Wakaenda mahakamani.

Huenda msikilizaji ukauliza, pambo moja la Waingereza linatuhusu nini sisi? Linatuhusu kwa sababu swali lililowekwa mbele ya majaji ni swali ambalo kila mji lazima ulijibu siku moja. Ardhi ikiwa ya umma, je, kila mtu katika umma huo ana haki ya kuichimba? Na kama hana, ruhusa itoke kwa nani, na kwa masharti gani?

Kwa muda mrefu sheria ya Uingereza imekuwa na huruma kwa mwokotaji. Mwaka 1722 mtoto mmoja, msaidizi wa msafisha mabomba ya moshi, aliokota kito. Alikipeleka kwa sonara ili kipimwe thamani. Kijana wa sonara akayang'oa mawe ya thamani na kumrudishia mtoto fremu tupu. Mtoto maskini akamshitaki sonara, na akashinda. Mahakama ilisema kwamba mwokotaji ana haki juu ya alichookota dhidi ya watu wote isipokuwa mwenye mali mwenyewe. Zaidi ya miaka 250 baadaye, mwaka 1982, kanuni hiyo ilimsaidia abiria aliyeokota bangili ya dhahabu sakafuni katika ukumbi wa kusubiria ndege pale Heathrow. Alikuwa ameikabidhi kwa wahudumu, akiomba arudishiwe endapo mwenyewe hatapatikana. Shirika la ndege likaiuza kwa pauni 850. Mahakama ya Rufani ikaamuru fedha zile apewe abiria.

Lakini angalia, ndugu msikilizaji, mambo hubadilika kitu kinapokuwa kimezama udongoni. Mwaka 1886 kampuni ya gesi iliyokuwa imekodi ardhi katika mji wa Brigg ilichimba msingi na kukuta mtumbwi wa kale sana. Mtumbwi ule ukahukumiwa kuwa wa mwenye ardhi, ingawa mwenye ardhi hakuwahi kujua kwamba anao. Mwaka 1896 kibarua aliyekuwa akisafisha bwawa aliona pete mbili za dhahabu ndani ya matope. Pete zikaenda kwa kampuni ya maji iliyomiliki bwawa. Na mwaka 1963 Jiji la London lenyewe lilifika mahakamani baada ya mafundi waliokuwa wakibomoa jengo kukuta fedha za noti ndani ya sefu iliyofichwa ukutani. Jengo lilisimama juu ya ardhi ya Jiji, na mkataba wa upangaji ulikuwa na kifungu kilicholihifadhia Jiji kila kitu cha kale au cha thamani kitakachokutwa humo. Jiji likashinda. Kumbe wakuu wa London walikuwa wamewaza jambo hili mapema, wakaliandika kabla halijatokea.

Sasa turudi Waverley. Hakimu wa kwanza alimpa ushindi mwenye ditekta. Halmashauri ikakata rufani, na mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikaipa Halmashauri ushindi. Jaji Auld, aliyetoa hukumu ambayo wenzake wawili waliiunga mkono, aliweka kanuni mbili zilizo wazi. Kitu kilichookotwa juu ya ardhi, kikiwa kimelala tu, mwenye ardhi hawezi kumnyang'anya mwokotaji ila aonyeshe kwamba alikuwa akilisimamia eneo lile kwa nia dhahiri ya kumiliki vitu vilivyomo. Lakini kitu kilichomo ndani ya ardhi, au kilichoshikamana nayo, mwenye ardhi ana haki kubwa kuliko aliyekichimba.

Je, hoja kwamba bustani ni ya wananchi? Majaji waliijibu kwa ufupi. Wananchi wamekaribishwa bustanini kupumzika na kucheza. Hawakukaribishwa kuchimba. Mtu aliyeruhusiwa kuingia kwa shughuli moja akifanya nyingine isiyoruhusiwa, hapo anakuwa ameingilia ardhi ya mwenzake. Hata kwa mila zetu jambo hili si geni. Mgeni aliyekaribishwa sebuleni hajapewa ruhusa ya kufungua makabati.

Naam, hukumu ilikuwa ya haki kwa mujibu wa sheria. Hata hivyo iliacha jambo zito nyuma yake. Mtu aliyetangaza alichokipata amekikosa. Angekitia mfukoni na kunyamaza, nani angejua? Sheria inayomwacha mkweli mikono mitupu inawafundisha wengine wote uongo. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli kabisa katika Uingereza ya miaka ile.

Ditekta yenyewe ilianza kwa nia njema. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, alijaribu kwa chombo cha umeme kuitafuta risasi iliyokuwa ndani ya mwili wa Rais Garfield wa Marekani. Hakufaulu, na Rais akafariki. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ofisa wa Poland, Józef Kosacki, alibuni chombo cha kutafutia mabomu ya ardhini, na kilitumika El Alamein mwaka 1942. Vita vilipokwisha mashine zikawa nyepesi na bei ikashuka, hata kufikia miaka ya 1970 mfanyakazi wa kawaida aliweza kuinunua na kwenda nayo shambani siku ya mapumziko. Wataalamu wa mambo ya kale wakashtuka. Mwaka 1980 walianzisha kampeni kali ya kuwapinga watu hao, wakiwaita waporaji wa historia. Wenye ditekta nao wakajibu kwamba wataalamu wanataka kuifanya historia kuwa mali ya wenye digrii.

Ugomvi huo ulipamba moto Wanborough, mkoani Surrey, kati ya mwaka 1983 na 1985. Palikuwa na mabaki ya hekalu la wakati wa Warumi. Habari za sarafu zilipovuja, watu walimiminika usiku na ditekta zao, wakachimba ovyo na kubeba sarafu kwa wingi. Baadhi yao walishitakiwa, lakini sheria ya zamani ilikuwa na mapengo. Ili dhahabu au fedha ihesabiwe kuwa hazina ya mfalme, ilibidi ionekane kwamba aliyeizika alikuwa na nia ya kuirudia. Utathibitishaje nia ya mtu aliyekufa karne 19 zilizopita? Ni kwa sababu hiyo hiyo bruchi ya Farnham haikuwa hazina ya mfalme. Ilipotea tu, haikufichwa.

Bunge la Uingereza likatunga Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, ikaanza kutumika Septemba 1997. Sheria hiyo iliacha habari ya nia, ikatazama kitu chenyewe. Pambo lenye umri wa miaka 300 au zaidi, na ambalo angalau asilimia 10 ya uzito wake ni dhahabu au fedha, ni hazina, liwe lilifichwa au lilianguka. Aliyelipata analazimika kulitangaza ndani ya siku 14. Jumba la makumbusho likilitaka, linalipa bei iliyopangwa na kamati ya wataalamu, na kwa kawaida fedha hizo hugawanywa nusu kwa nusu kati ya aliyelipata na mwenye ardhi. Lakini aliyechimba bila ruhusa anaweza kupunguziwa fungu lake au kulikosa lote. Mwaka 1997 huo huo ulianzishwa pia mpango wa kuandikisha, kwa hiari, vitu vya kawaida visivyo hazina, na hadi leo vimeandikishwa zaidi ya milioni moja na nusu.

Hapa ndipo ruhusa ilipopata maana mpya. Zamani ilikuwa adabu, au namna ya kuepuka kufukuzwa. Sasa ikawa mkataba wenye faida kwa pande zote. Mwaka 2009 mwenye ditekta mmoja, kwa idhini ya mkulima, alipata katika shamba la Staffordshire maelfu ya vipande vya dhahabu na fedha vya Waanglo-Saksoni. Hazina ile ilithaminiwa pauni milioni 3.285, na yeye na mwenye shamba wakagawana. Mwaka 2015, mkoani Herefordshire, watu wawili walipata hazina ya wakati wa Waviking, wakaificha na kuanza kuiuza kimya kimya. Mwaka 2019 walifungwa jela. Sehemu kubwa ya sarafu zile haijapatikana. Zile chache zilizookolewa zimewaonyesha wanahistoria kwamba wafalme wawili wa karne ya 9, Alfred wa Wessex na Ceolwulf wa Mercia, walikuwa washirika kuliko ilivyodhaniwa. Nyingine zingesema nini? Huenda hatutajua kamwe.

Sasa tuseme leo mtu anataka kuchimba katika ardhi ya mji kwa njia ya halali. Afanye nini? Jambo la kwanza ni kujua mwenye ardhi ni nani hasa. Uwanja unaoitwa wa mji unaweza kuwa wa halmashauri, au wa wadhamini, au umekodishwa kwa mkulima au kwa shule. Ruhusa ya mpangaji peke yake haitoshi. La pili ni kuandika barua kwa ofisi inayohusika, yenye ramani ya eneo, tarehe, na ushahidi wa bima, maana shimo lililoachwa wazi linaweza kumvunja mtoto mguu. La tatu ni kuuliza kama eneo linalindwa. Kwa sheria ya mwaka 1979 ni kosa kutumia ditekta mahali penye mnara au magofu yaliyoorodheshwa bila kibali cha maandishi. Miji mitano, yaani Canterbury, Chester, Exeter, Hereford na York, maeneo yao ya katikati yalitangazwa kuwa ya umuhimu wa pekee kwa historia, kwa hiyo humo hata idhini ya mwenye ardhi haimalizi kazi.

La nne, na hili wengi hulisahau, ni kupatana kwa maandishi, kabla ya kuchimba, kuhusu kitakachopatikana. Ni cha nani? Fedha zitagawanywaje? Nani ataandika mahali na kina kilipotoka? Halmashauri nyingine hutoa vibali kwa masharti kama hayo: usipite udongo wa juu, fukia mashimo, leta taarifa. Nyingine zina sheria ndogo zinazokataza kabisa, na ukiomba jibu lao ni hapana moja tu.

London ina utaratibu wake. Maji ya mto Thames yakitoka, matope ya ukingoni huonyesha pini, viatu, sarafu na vyungu vya miaka elfu mbili. Hakuna ruhusa ya kutafuta pale, hata kwa macho tu, bila kibali cha Mamlaka ya Bandari ya London, na kitu chenye umri unaozidi miaka 300 ni lazima kipelekwe kwa wataalamu wa jumba la makumbusho la jiji. Waombaji walikuwa wengi mno hata mwishoni mwa mwaka 2022 Mamlaka ikasimamisha kwa muda kupokea maombi mapya. Watu wanapanga foleni kuomba ruhusa! Ruhusa ikiwa na utaratibu unaoeleweka, watu huiheshimu.

Lakini kwa nini taabu yote hii? Si kwa ajili ya dhahabu peke yake. Nitatoa mfano wa kwetu. Katika magofu ya Great Zimbabwe, mamia ya kilometa kutoka pwani, ilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1970 sarafu moja ya shaba yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, aliyetawala karne ya 14. Sokoni sarafu kama hiyo si utajiri. Kwa mwanahistoria ni ushahidi mkubwa, kwa sababu inaunganisha Kilwa na nchi ya dhahabu ya bara. Thamani yake yote imo katika kujua ilikotoka. Mtu angeichukua usiku na kuiuza mjini, ingebaki kipande cha shaba. Hali kadhalika zile sarafu za Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, zaidi ya 2,000 ndogo za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu, zilizopatikana mwaka 1984. Zimetuonyesha kwamba watawala wa pwani yetu walikuwa wakipiga sarafu zao wenyewe karne ya 11. Zingegawanywa kwa masonara zikayeyushwa, zingekuwa vipuli na pete, na historia yetu ingekuwa fupi kwa ukurasa mmoja.

Msikilizaji wa Tanzania anajua ninakoelekea. Nani kati yetu hajasikia habari za mali ya Mjerumani? Husemwa kwamba Wajerumani walipokuwa wakikimbia katika Vita Kuu ya Kwanza walifukia dhahabu na fedha, wakaacha alama kwenye miti na mawe. Kwa uvumi huo watu wamechimba pembeni mwa maboma, chini ya madaraja, hata makaburini. Aliyekuwa akitumia jembe na mganga, siku hizi anatumia ditekta. Kuta zimesimama tangu enzi za ukoloni, lakini zikichimbwa msingi zitaanguka kwa sababu ya sanduku ambalo pengine halikuwahi kuwapo.

Sheria tunayo. Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayokataza kuchimba kutafuta vitu vya kale bila leseni. Kenya ina sheria yake ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, nayo inadai leseni. Tena kwa Tanzania hoja ya Waverley ina uzito wa pekee. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kama hoja ya mwenye ditekta wa Farnham ingekubaliwa, kwamba ardhi ya wote huchimbwa na yeyote, basi hapakuwa na kipande cha nchi hii ambacho kingesalimika. Ardhi ya umma haina maana ya ardhi isiyo na mwenyewe. Wenyewe ni wengi, na kwa sababu ni wengi hakuna mmoja anayeweza kujipa ruhusa peke yake.

Hata hivyo, upande wa pili wa somo nao tuusikie. Katazo peke yake halilindi kitu. Uingereza ilikuwa na makatazo, na Wanborough ikaporwa. Mambo yalianza kutengenea pale mkweli alipohakikishiwa kwamba ukweli wake hautamfanya maskini. Mkulima wa kwetu, au kibarua anayechimba msingi wa nyumba mjini, akikuta chungu chenye sarafu, anafikiria nini kwanza? Anafikiria kwamba akitangaza atanyang'anywa, ataulizwa maswali polisi, na kazi itasimamishwa. Mtu huyo anaifahamu sheria vizuri. Anachokosa ni sababu ya kuiamini. Miji yetu inajengwa kwa kasi, na kila siku tingatinga zinafukua udongo ambao haujaguswa kwa mamia ya miaka. Anayeshika koleo ndiye shahidi wa kwanza wa historia yetu. Akiona faida ya kusema, atasema. Akiona hasara tu, atafukia tena, au atauza usiku.

Kwa hiyo ofisi zetu za miji zingefaa kuwa na majibu ya maswali mepesi. Mtu akija na barua ya kuomba kupita na ditekta katika kiwanja cha mji, aende dirisha gani? Akikuta kitu, amwone nani, na kwa muda gani? Atapata nini kwa uaminifu wake? Maswali hayo yakiwa na majibu yaliyoandikwa ukutani kwa Kiswahili kinachoeleweka, mwaminifu atakuwa na njia ya kupita, na mwizi hatakuwa tena na kisingizio kwamba hakujua.

Yule bwana wa Farnham alipoteza bruchi yake kwa hukumu ya mwaka 1995. Angeipata leo ingekuwa hazina kwa sheria mpya, na kama angeanza kwa barua ya kuomba ruhusa na kukubaliwa, angekuwa na fungu lake halali. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Kwa ardhi ya wote tuongeze kwamba kuomba si unyonge.